Thomas Pynchon na Waherero: uhakiki wa riwaya zake uanzie wapi?

Mwanafunzi wa Uzamili:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaandaa pendekezo la tasnifu ya uzamili kuhusu riwaya za Thomas Pynchon na athari zake katika utamaduni wa Marekani, na kabla sijalikabidhi kwa msimamizi wangu ningependa kusikia maoni ya waliomsoma kwa kina. Pynchon alizaliwa mwaka 1937 huko Glen Cove, New York, akasomea fizikia ya uhandisi na kisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Cornell, akaandika nyaraka za kiufundi katika kampuni ya Boeing mjini Seattle, na tangu alipochapisha V. mwaka 1963 amejitenga na wapiga picha na waandishi wa habari. Hayo yameandikwa sana na sikusudii kuyarudia.

Uhakiki nilioweza kuupata umejikita katika mambo mawili. La kwanza ni paranoya, ile hali ya mhusika kuamini kwamba kila tukio limefumwa na mkono asiouona. Ndiyo inayompata Oedipa Maas katika The Crying of Lot 49 (1966), anapoanza kuona kila mahali alama ya baragumu lililozibwa mdomo, asijue kama amegundua mtandao wa siri wa posta uliodumu kwa karne nyingi, au amefanyiwa hila na marehemu aliyewahi kuwa mpenzi wake, au akili imemruka. La pili ni entropia, dhana ya fizikia kuhusu nishati inavyotawanyika mpaka isifae tena kwa kazi, ambayo Pynchon aliifanya jina la hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1960. Tony Tanner na wengine walizifafanua dhana hizo vizuri, nami sina ugomvi nazo.

Ninachojiuliza ni nafasi ya Afrika. Sura ya 9 ya V. inatupeleka Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia, mwaka 1922, na kutoka hapo inarudi nyuma hadi mwaka 1904 wakati Jenerali Lothar von Trotha alipowaangamiza Waherero. Miaka kumi baadaye, katika Gravity's Rainbow (1973), Waherero hao wanatokea tena, safari hii wakiwa kikosi cha warusha roketi ndani ya Ujerumani iliyoshindwa vita. Katika vitabu vingi vya uhakiki nilivyosoma, mambo haya yanapewa aya mbili tatu kisha mwandishi anarudi kwenye paranoya. Je, nitakuwa nimekosea nikiyafanya kuwa kiini cha tasnifu, au nitakuwa naivuta riwaya ya Kimarekani upande wangu kwa sababu tu mimi ni msomaji wa Afrika? Na je, kilichomo humo ni historia iliyofanyiwa kazi kwa uzito wake, au ni pambo la kigeni katika hadithi ambayo kwa hakika inahusu mambo mengine?

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu mwanafunzi, anzia hapo bila kusita, na wala usijione kwamba unaivuta riwaya upande wako. Pynchon mwenyewe ndiye aliyerudi. Mwandishi akitumia mahali mara moja tu, twaweza kusema alihitaji mandhari. Huyu, hata hivyo, alirejea baada ya miaka kumi na watu walewale. Luteni Weissmann, ambaye katika V. ni mgeni kijana anayejipitisha kwenye karamu ya walowezi, ndiye anayekuwa Kapteni Blicero katika Gravity's Rainbow, kamanda wa kituo cha roketi za V-2. Kurt Mondaugen, mhandisi wa redio wa sura ile ya 9, naye tunamkuta tena miongoni mwa wataalamu wa roketi. Kwa hiyo njia kutoka mashamba ya walowezi ya mwaka 1922 hadi roketi zilizoiangukia London mwaka 1944 si njia iliyochorwa na wahakiki. Ameichora mwandishi kwa kuwasafirisha wahusika wake.

Isome sura ile polepole. Mondaugen ametumwa kuchunguza sauti za angani zinazonaswa na redio. Wabondelswarts, jamii ya Wanama wa kusini mwa nchi hiyo, wanapoasi dhidi ya utawala wa Afrika Kusini, uliokabidhiwa nchi ile na Shirikisho la Mataifa, anakimbilia kwa mlowezi aitwaye Foppl, na humo wageni wa Kizungu wanajifungia na kuendesha karamu kwa wiki nyingi huku nje watu wanauawa. Uasi huo ulitokea kweli, na ni kweli pia kwamba serikali ya Afrika Kusini ilituma ndege kuwashambulia kwa mabomu. Ndani ya nyumba, Foppl anaukumbuka mwaka 1904 kwa shauku, kama mtu anayekumbuka ujana wake mzuri. Ndoto za Mondaugen mgonjwa zinaanza kujaa kumbukumbu za Foppl, hadi msomaji anashindwa kujua ni nani anayesimulia ule ukatili. Zaidi ya hayo, sura nzima inatufikia kupitia kwa Stencil, mhusika mwingine wa riwaya hiyo, ambaye aliisikia kwa Mondaugen na ameisimulia upya kwa namna yake.

Hapo ndipo swali lako la pili linapojibika. Watu husema kwamba usimulizi wa tabaka juu ya tabaka ni mchezo wa usasaleo (postmodernism), na kwamba ukianza kucheza na ukweli wa usimulizi umeitelekeza historia. Mimi naona kinyume. Mwandishi wa Kimarekani wa miaka ya mwanzo ya 1960 aliyetaka kuandika juu ya mauaji yale alikuwa na ripoti za wakoloni, vitabu vya wamisionari na maandishi ya wanaanthropolojia. Sauti za waliouawa hazikuwa mezani pake. Kumfanya Foppl awe ndiye chemchemi ya kumbukumbu, kisha kumfanya kila anayeipokea aambukizwe nayo, ni njia ya kukiri ni nani aliyeishika kalamu. Sura inaelekea ukingoni kwa Mondaugen kutoroka na kupewa lifti ya punda na Mbondelswarts aliyepoteza mkono wa kulia. Mtu huyo anaanza kuimba, na Mondaugen haelewi wimbo wake. Pynchon hatutafsirii. Hajifanyi kuwa aliusikia.

Kuna pia ile sentensi ambayo kila mhakiki wa riwaya hii analazimika kukabiliana nayo. Msimulizi anakadiria kuwa von Trotha aliangamiza watu wapatao 60,000, kisha anaongeza, kwa sauti baridi ya mhasibu, kwamba hiyo ni asilimia 1 tu ya milioni sita lakini bado si haba. Kitabu kilichapishwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya kesi ya Adolf Eichmann, mmoja wa waratibu wa mauaji ya Wayahudi milioni sita, mjini Jerusalem. Kuyaweka mauaji ya Waherero na mauaji ya Wayahudi katika hesabu moja, wakati huo, lilikuwa jambo zito. Serikali ya Ujerumani ilikuja kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama mauaji ya kimbari, rasmi, mwezi Mei 2021.

Tafuta pia barua aliyomwandikia Thomas F. Hirsch mwezi Januari 1969, ambayo David Seed aliiambatisha katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Pynchon. Humo mwandishi anasema wazi kwamba yaliyofanywa na Wajerumani kwa Waherero anayaona kuwa ni yaleyale waliyofanyiwa Wahindi Wekundu na walowezi wa Marekani, na yaleyale yanayofanyika Vietnam wakati anaandika. Anayaeleza kuwa ni utamaduni unaothamini uchambuzi na utenganishaji kulazimishwa juu ya utamaduni uliothamini umoja. Unaweza kuukataa mgawanyo huo wa tamaduni, na mimi nauona ni mwepesi kupita kiasi, lakini huwezi tena kusema kwamba Afrika ni pambo. Kwake ilikuwa ufunguo wa kuielewa nchi yake mwenyewe, na ni mtu huyohuyo aliyekuwa amekwenda Watts, Los Angeles, baada ya machafuko ya Agosti 1965, akaandika makala ndefu katika jarida la The New York Times mwezi Juni 1966 juu ya Weusi wa mtaa ule na polisi wanaowazunguka.

Binti Kilindini:

Mwalimu wangu, kwa heshima yako, nakubali kwamba ndugu yetu aanzie hapo, ila sikubali kwamba aishie pale ulipomwachia. Tasnifu ikifuata njia hiyo bila tahadhari itageuka kuwa sifa za mwandishi mwema wa Kizungu aliyetukumbuka.

Tumtazame Oberst (yaani Kanali) Enzian wa Gravity's Rainbow, kiongozi wa wale Waherero wanaoitwa Schwarzkommando. Baba yake ni baharia wa Kirusi na mama yake ni Mherero. Weissmann anamkuta akiwa kijana huko Südwest, yaani Afrika ya Kusini-Magharibi, anamfanya mpenzi wake na kumpeleka Ujerumani. Akiwa mtu mzima, kazi yake kubwa ni kukusanya vipande vya roketi ili waunde ya kwao, yenye namba 00001, ya pili baada ya ile 00000 ya Blicero. Jamii yake imegawanyika, na kundi moja, wale Otukungurua walio chini ya Ombindi, wanataka kabila lao likome kwa hiari kwa kuacha kuzaa. Nauliza: kwa nini watu walionusurika kuangamizwa wanapewa na mwandishi hamu ya kuimalizia kazi ya von Trotha wao wenyewe? Nafahamu kwamba kushuka kwa uzazi miongoni mwa Waherero baada ya mwaka 1904 kuliandikwa na watu wa wakati ule, na kwamba Pynchon hakukibuni kitu hicho kutoka hewani. Lakini kulichukua jambo lililoandikwa na wakoloni na wamisionari juu ya watu waliovunjwa, kisha kulifanya falsafa ya watu hao, ni uamuzi wa mwandishi, na uamuzi una gharama. Wanawake wa Kiherero, ambao ndio mada yenyewe ya mjadala huo wa uzazi, hawana nafasi ya kusema katika kitabu chenye kurasa 760.

Pamoja na hayo, iko sehemu moja ambayo ningeiweka katikati ya tasnifu. Enzian anapita usiku kwa pikipiki kando ya magofu ya kiwanda cha mafuta na ghafla anawaza kwamba kiwanda kile hakikubomolewa, bali mabomu yamekifikisha katika umbo lililokusudiwa, na kwamba siasa za vita hivi zilikuwa maigizo ya kuwashughulisha watu wakati mahitaji ya teknolojia yenyewe ndiyo yaliyokuwa yakiamua. Wazo hilo hunukuliwa kila mahali kama fikra ya Pynchon, kama muhtasari wa paranoya yake yote. Wanaolinukuu mara nyingi hawasemi kwamba limo kichwani mwa Mherero, mtoto wa nchi iliyofanyiwa majaribio ya kambi na amri za maangamizi kabla ya Ulaya kufanyiwa. Kama paranoya ndiyo dhana kuu ya uhakiki wa Pynchon, basi paranoya ya Enzian si sawa na ya Oedipa Maas. Oedipa ni mwanamke wa tabaka la kati wa California anayeshuku kwamba huenda nchi yake haiko kama alivyoambiwa. Enzian anajua kwa hakika kwamba ipo serikali iliyowahi kuketi na kupanga kifo cha watu wake wote. Kuziita hali hizi mbili kwa jina moja ni uvivu wa uhakiki, na hapo ndipo tasnifu yako inaweza kusema jambo lisilorudia waliyokwisha kusema Marekani.

Usikwepe nadharia pia. Brian McHale, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu bunilizi za usasaleo, anasema kwamba riwaya za usasa zilitawaliwa na maswali ya ujuzi, yaani najuaje na nimwamini nani, na zile za usasaleo zinatawaliwa na maswali ya kuwako, yaani hii ni dunia ipi na iko pamoja na dunia gani nyingine. Anaiweka The Crying of Lot 49 mpakani na Gravity's Rainbow ng'ambo ya pili. Schwarzkommando ni mfano ulio wazi kuliko yote wa kuvuka huko. Waingereza wanatengeneza filamu ya uongo yenye waigizaji waliopakwa weusi ili kuwatisha Wajerumani kwa kikosi cha Waafrika kisichokuwapo, kisha inagundulika kwamba kikosi hicho kipo kweli, hata mtengeneza filamu anaamini yeye ndiye aliyekiumba. Swali la McHale la dunia ipi hii linapata makali tofauti kabisa unapoliuliza juu ya watu ambao Mzungu anadhani wapo kwa sababu yeye amewaota.

Mtunza Nyaraka:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, na kwa kuwa kazi yangu ni historia, naomba kuongeza machache juu ya uhusiano wa mambo haya na upande wetu, maana uhusiano huo upo na hauhitaji kulazimishwa.

Lothar von Trotha hakuanzia Afrika ya Kusini-Magharibi. Katika miaka ya 1890 alikuwa kamanda wa majeshi ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, katika kipindi kilekile ambacho Wahehe walikuwa wakipigana na Wajerumani, na baadaye akapelekwa China kuzima uasi wa Mabondia. Alipofika kwa Waherero mwaka 1904 alikuwa na sifa aliyoijenga hapa kwetu. Baada ya mapigano ya Agosti 1904 huko Waterberg, Waherero walisukumwa katika jangwa la Omaheke, visima vikalindwa, na tarehe 2 Oktoba ikatoka amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi, awe na silaha au asiwe nayo. Waliosalia walipelekwa kambini, ikiwemo ile ya Kisiwa cha Papa karibu na Lüderitz. Hesabu iliyozoeleka inakadiria Waherero 80,000 kabla ya vita na 15,130 katika sensa ya mwaka 1911, kwa hiyo ile 60,000 ya Pynchon haikutoka kichwani mwake. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, wakati yale ya kusini hayajaisha. Pynchon havigusi, na hakuna sababu ya kumdai, ila msomaji wa Tanzania anayesoma sura ya 9 anasoma juu ya jeshi analolijua.

Jambo la pili ni juu ya Waafrika ndani ya Ujerumani ya Hitler. Schwarzkommando hawakuwahi kuwapo. Ni kazi ya ubunifu, na dada yetu wa Kilindini ameeleza vizuri jinsi riwaya yenyewe inavyocheza na jambo hilo. Waafrika katika filamu za propaganda za Ujerumani, hata hivyo, walikuwapo. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaenda Berlin mwaka 1929, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni huko, na akaigiza katika filamu kadhaa zilizotukuza makoloni, ikiwemo ile ya mwaka 1941 kuhusu Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafungwa katika kambi ya Sachsenhausen, na akafia humo mwezi Novemba 1944. Abdulrazak Gurnah alilifikia eneo hilohilo katika Afterlives (2020), ambamo askari wa Kiafrika anapotelea Ujerumani na hatima yake inajulikana kwa ndugu zake baada ya miaka mingi kupitia nyaraka.

Nayataja haya kwa sababu yanaipa tasnifu kipimo. Pynchon alibuni Mwafrika wa Südwest aliyechukuliwa na afisa wa Kijerumani, akageuzwa taswira katika filamu, akaishi katikati ya vita vya Wazungu. Gurnah aliandika kisa kilicho karibu na hicho kutokea upande wa familia iliyobaki ikisubiri. Ukivisoma pamoja utaona ni kitu gani hasa kilichokosekana katika Gravity's Rainbow: nyumbani. Waherero wa Pynchon wana asili, wana hekaya ya asili na wana ramani ya kijiji cha duara, lakini hakuna mtu yeyote aliyebaki nyuma anayewangoja.

Mwanafunzi wa Uzamili:

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru wote. Hoja ya Dada Binti Kilindini juu ya tofauti ya paranoya ya Enzian na ya Oedipa imenifungua macho, na nitaijengea sura nzima. Naomba msaada katika jambo moja zaidi. Pendekezo langu lina sura juu ya athari za kitamaduni, nami sijui niipime vipi. Nimekusanya mengi: bendi ya Radiohead iliyoita duka lake W.A.S.T.E. kutokana na mtandao wa posta wa Lot 49, mwandishi kutokea katika The Simpsons mwaka 2004 akiwa amevikwa mfuko kichwani, filamu ya Inherent Vice ya Paul Thomas Anderson ya mwaka 2014 na ile ya mwaka 2025 iliyochota kutoka Vineland. Je, hayo ndiyo athari, na yanaungana vipi na sura ya 9?

Binti Kilindini:

Hayo ni alama, na alama husafiri kirahisi. Yape ukurasa mmoja, kisha uingie katika athari za kifasihi. Anza na mapokezi ya Gravity's Rainbow yenyewe. Mwaka 1974 iligawana Tuzo ya Taifa ya Vitabu na mkusanyo wa hadithi za Isaac Bashevis Singer, na mchekeshaji Irwin Corey akaenda kuipokea kwa niaba ya mwandishi. Mwaka huohuo majaji watatu wa Pulitzer waliipendekeza kwa kauli moja, na bodi ikawakatalia, wajumbe wakiiona haisomeki na ina matusi, hata tuzo ya riwaya haikutolewa kabisa. Kitabu kilichogawanya wasomaji namna hiyo kilikuja kuwa kipimo ambacho kila riwaya nene ya Kimarekani yenye mifumo, mashirika na fomula ililinganishwa nacho. William Gibson, mwandishi wa bunilizi za kisayansi, alichukua kwake hisia ya teknolojia yenye matakwa yake yenyewe. Riwaya ya kwanza ya David Foster Wallace, ya mwaka 1987, ilisomwa tangu mwanzo kama mtoto wa Lot 49. Mwaka 2000 mhakiki James Wood akaziita riwaya za namna hiyo uhalisia wa kichaa, akiwalaumu Pynchon, DeLillo, Rushdie, Wallace na Zadie Smith kwa hadithi zinazokimbia bila kupumua huku binadamu hawamo.

Lawama ya Wood inastahili jibu la dhati katika tasnifu yako, kwa sababu ni pingamizi langu dhidi ya Otukungurua likiwa limepanuliwa. Na hapa ndipo athari inapokutana na sura ya 9. Warithi wengi walichukua mifumo na kuyaacha makoloni. Walijifunza kuandika juu ya mtandao wa simu, dawa, matangazo ya biashara na kompyuta, na wakaiacha ile hoja kwamba mifumo hiyo ilijaribiwa kwanza juu ya miili ya watu waliotawaliwa. Wapo ambao hawakuiacha. William T. Vollmann alianza mwaka 1990 mfululizo wa riwaya juu ya Wazungu na wenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Colson Whitehead, katika The Intuitionist (1999), alichukua muundo wa Oedipa Maas, yule mwanamke anayefuata dalili za siri mjini, akampa nafasi hiyo mkaguzi wa lifti ambaye ni mwanamke Mweusi, na papo hapo paranoya ikaacha kuwa ugonjwa wa mtu mmoja, kwa kuwa ubaguzi anaoushuku upo kweli. Ningeandika kurasa nyingi kuhusu Whitehead kuliko kuhusu The Simpsons.

Tahadhari moja, kwa kuwa najua utashawishika: Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimejadiliwa sana kama riwaya za usasaleo, na mwandishi wake alisoma Wisconsin hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1985. Kukaa Marekani si ushahidi wa kuathiriwa na Pynchon. Riwaya hizo fupi, zilizojaa hekaya na tafakuri, zina chimbuko lake. Ziache nje ya sura ya athari.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba, mwanangu. Dada yetu amelijibu swali la athari kuliko ambavyo ningeweza, na pingamizi lake juu ya wanawake wa Kiherero nimelipokea. Ningeongeza tu kwamba Mason & Dixon (1997) inapaswa kuingia katika tasnifu, hata kama ni kwa ufupi, kwa sababu inaonyesha kwamba Pynchon aliendelea kulifanyia kazi tatizo hilo. Mwaka 1761 wapimaji wake wawili wanafikia Rasi ya Tumaini Jema kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, na nyumba inayowakirimu inataka Mason ampe mimba mtumwa aitwaye Austra, kwa kuwa mtoto mwenye ngozi nyeupe zaidi atauzwa kwa bei kubwa. Hapa mwili wa mwanamke na hesabu ya faida vimewekwa wazi bila falsafa yoyote ya kuvisitiri. Baadaye, huko Baltimore, Dixon anamnyang'anya mfanyabiashara wa watumwa mjeledi wake. Linganisha kitendo hicho na Mondaugen, ambaye miaka 34 ya uandishi nyuma yake alijua tu kuondoka.

Halafu uende kwenye miswada. Nakala ya V. iliyopigwa chapa na mwandishi imehifadhiwa katika Kituo cha Harry Ransom mjini Austin, Texas, na Luc Herman na John Krafft walichapisha mwaka 2006 makala juu ya jinsi hasa sura ya Afrika ya Kusini-Magharibi ilivyokua na kubadilika kabla ya kitabu kutoka. Isome kabla hujaandika neno lolote juu ya sura ya 9, kwa sababu inaonyesha kwa ushahidi wa karatasi kwamba sura hiyo ilifanyiwa kazi upya kwa kina, na hilo litalijibu swali lako la pambo mbele ya msimamizi yeyote. Nyaraka za Pynchon mwenyewe zilinunuliwa na Maktaba ya Huntington, California, mwaka 2022. Waandikie wakutubi wake mapema uulize utaratibu wa kuzisoma.